Kodi ya nyumba Texas inapanda, shule za watoto wetu bado zinalia njaa. Hela inaenda wapi? (uzi mrefu, tulia)

Mnyalu_FortWorth (mleta mada)

Wakuu habari za Jumapili. Kwenye grupu letu la WhatsApp la huku DFW (Dallas na Fort Worth) kila ikifika mwezi wa nne barua za uthamini wa nyumba zikianza kuingia inakuwa kelele tupu. Mtu nyumba yake ilikuwa laki tatu leo kaambiwa laki tatu na thelathini, mogeji inapanda kwa sababu ya eskro (ile hela ya kodi na bima mnayolipa pamoja na mkopo wa nyumba), halafu wiki hiyohiyo shule ya mtoto inatangaza kufuta nafasi ya mkutubi na kuunganisha madarasa. Basi watu wanaanza, sisi tunalipa zaidi, shule zinapata pungufu, nani kala?

Nimeamua kuandika maana mambo ya "wamekula" tumeyazoea kwetu na hapa tunayabandika hivyohivyo. Hakuna aliyekula. Ila kuna hesabu imekaa katikati ambayo wengi hawajui kama ipo, na ukishaielewa unaweza kukasirika zaidi kuliko ungeambiwa kuna mwizi.

Kwanza bajeti ya jimbo lenyewe. Bunge la Texas linakaa siku 140 tu, mara moja kila miaka miwili, miaka ya witiri, yaani 2023, 2025, ijayo ni Januari 2027. Ndani ya hizo siku wanapitisha bajeti ya miaka miwili kwa mpigo, inaanza kuhesabiwa tarehe 1 Septemba. Mbunge analipwa dola 600 kwa mwezi, hujasoma vibaya, mia sita, plus posho ya siku za kikao. Wa Dodoma wakisikia watazimia.

Kabla hawajagawana chochote, Mdhibiti wa fedha wa jimbo (huyu anachaguliwa kwa kura, si wa kuteuliwa) anawaambia mwezi wa kwanza kwamba wakuu miaka miwili ijayo tunatarajia kukusanya kiasi hiki. Hapo ndo mwisho wa shuka. Katiba ya jimbo inawazuia kutumia kuliko alichosema, na wakimaliza bajeti inarudi kwake aithibitishe kwamba hela ipo. Huku hakuna kodi ya mshahara ya jimbo na mwaka 2019 wananchi walipiga kura kuizuia kwenye katiba kabisa, kwa hiyo jimbo linaishi kwa kodi ya mauzo, ile 6.25% (miji nayo inaongeza mpaka inafika 8.25 unayoiona kwenye risiti), kodi ya magari, kodi ya biashara, mafuta na gesi, na hela ya serikali kuu ya Washington ambayo ni kama theluthi moja ya bajeti yote, nyingi ikiwa ya matibabu.

Rasimu inaandaliwa na bodi ya bajeti ya Bunge, wenyeviti wake ni Naibu Gavana na Spika, ndo maana hao wawili wana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Seneti inachana, Baraza la Wawakilishi linachana, halafu wanakaa watu kumi, watano kutoka kila upande, kupatanisha. Gavana akiletewa anaweza kufuta mstari mmojammoja bila kuitupa bajeti nzima. Bajeti ya sasa imepita dola bilioni 330 kwa miaka miwili, na elimu pamoja na afya vinakula karibu theluthi mbili yake. Barabara, magereza, mbuga, mahakama, vyote vinagombania kilichobaki.

Sasa shule, na hapa ndo pa kusoma taratibu.

Jimbo halisemi "shule fulani chukua hela hii". Kuna fomula. Kila mwanafunzi ana kiwango cha msingi, kwa miaka mingi kilikuwa dola 6,160. Mtoto mwenye mahitaji maalum anaongezewa, anayejifunza Kiingereza anaongezewa, wa familia ya kipato cha chini anaongezewa, wilaya ya shule (eneo linalojiendeshea shule zake) ikiwa ndogo ya kijijini nayo inaongezewa. Unajumlisha, unapata haki ya wilaya, yaani hela inayostahili. Tuseme milioni 100. Halafu wanaangalia kodi ya nyumba ya hapo wilayani imeleta ngapi. Imeleta 60? Jimbo linatia 40 zilizobaki.

Mwakani nyumba zimepanda bei, kodi imeleta 70. Jimbo linatia ngapi? 30. Wilaya bado ina milioni 100 ileile! Ulicholipa zaidi hakikwenda shuleni, kimelipunguzia jimbo mzigo wake, na jimbo lile ambalo limebaki na chenji linatangaza lina ziada. Mwaka 2023 Mdhibiti alisema ziada ni dola bilioni 32.7. Shule zilikuwa bado na 6,160 kwa kichwa, kiwango cha 2019, kabla ya corona, kabla ya mayai kupanda bei.

Hiyo ndo hela yenu. Karibuni tupigane.

Kitorondo

Nasoma nikiwa Mbagala na bando la jero. Sasa hii inatuhusu nini mkuu

Bi_Mkubwa_Moro

@Kitorondo inakuhusu. Elimu bila ada ilipoanza 2016 serikali ikasema ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari. Hiyo elfu kumi ni ya tangu enzi za MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, 2002 huko. Wewe nunua chaki leo kwa bei ya 2002 uone. Kwa hiyo ugonjwa ni uleule, namba inaandikwa halafu inaachwa hapo mpaka inakauka, na kila mwaka waziri anasimama anasema tumeendelea kutoa ruzuku. Hadanganyi, anatoa kweli.

Kitorondo

Dah. Hapo nimekupata

Wuod_Arlington

Mkuu kazi safi. Mimi ni Mkenya niko hapa Arlington miaka kadhaa sasa. Kwetu afadhali angalau pesa za shule zinatoka Nairobi, kaunti ziko na chekechea na polytechnic tu, kwa hivyo mtoto wa Turkana na wa Kiambu kwa makaratasi wanapata ile ile shilingi 22,244 ya day secondary (kama itafika, na ikifika ni nusu na shule ishafungwa). Hapa swali langu ni moja, kama wilaya nyumba zake ni za mabilionea na kodi inaleta zaidi ya ile haki yake, inakuwaje? Wanabaki nazo?

Mnyalu_FortWorth

@Wuod_Arlington hawabaki nazo. Ikileta 110 na haki ni 100, zile 10 zinachukuliwa na jimbo. Watu wanaiita Robin Hood, yule wa hadithi anayenyang'anya matajiri awape maskini. Na hii haikuja kwa huruma ya wanasiasa, ilikuja kwa kesi.

Wazazi wa mtaa wa Edgewood, San Antonio, maskini, Wamexico wengi, walishtaki kwamba wao wanatozwa asilimia kubwa ya kodi kuliko matajiri wa upande wa pili wa mji lakini shule yao ni magofu kwa sababu nyumba zao hazina thamani. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, 1973 wakashindwa kwa kura 5 kwa 4, majaji wakasema katiba ya nchi haitaji haki ya elimu. Wakaja upya na katiba ya Texas, ambayo yenyewe inaitaja, inasema Bunge lazima liweke mfumo wenye ufanisi wa shule za bure. 1989 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Texas wakawapa ushindi. Bunge likahangaika, likatunga hili likakataliwa, likatunga lile likakataliwa, mpaka 1993 ndo ikasimama hii Robin Hood.

Wilaya inayolipa nyingi kuliko zote ni Austin, mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka, na Austin hiyohiyo ina watoto maskini kibao. Houston ndo kichekesho zaidi, wanafunzi wake wengi ni wa kipato cha chini lakini kwa sababu ya maghorofa ya makampuni ya mafuta pale katikati ya mji ikahesabika ni tajiri. Novemba 2016 wakazi wakapiga kura kukataa kulipa. Jimbo likawaambia sawa, tunayahamisha hayo maghorofa kwenye makaratasi tunayapa wilaya nyingine. Mei 2017 wakapiga kura tena wakakubali.

Wuod_Arlington

Ati wanahamisha ghorofa kwa karatasi 😂😂 hii nchi iko na mambo

DereveaMstaafu

Mimi sikubaliani na kilio hiki. Nilikaa Minnesota, kodi ya mshahara ya jimbo inakatwa kila wiki mbili hata hujaiona, baridi juu. Nimekuja Texas kwa sababu hela yangu inabaki mfukoni. Kama shule inataka hela zaidi basi wapunguze maofisa wa makao makuu na waache kujenga viwanja vya mpira vya milioni 60. Allen walijenga uwanja wa sekondari dola milioni 60, ukafunguliwa 2012, mwaka 2014 ukafungwa zege limepasuka. Halafu mnaniambia shule maskini? Maskini gani huyo

Mnyalu_FortWorth

@DereveaMstaafu hilo la uwanja kila mtu analileta na nakubali linaudhi, ila ni chungu kingine. Bili yako ya kodi ya shule ina sehemu mbili, iangalie. Moja ni ya uendeshaji, mishahara, umeme, mabasi. Nyingine ni ya deni, majengo tu, na hiyo lazima wananchi wapige kura kuruhusu bondi. Hela ya deni kisheria haiwezi kumlipa mwalimu hata ikibaki. Ile ya uendeshaji ndo Robin Hood anaigusa, ya deni haguswi nayo, kwa hiyo wilaya tajiri inapata akili kwamba bora tujenge maana cha majengo kinabaki kwetu. Watu wa Allen waliupigia kura uwanja wao wenyewe, wanaupenda, usiwalaumu wahasibu.

Na Minnesota uliyoikimbia mwaka 2023 ilipitisha sheria kiwango cha kila mwanafunzi kiwe kinapanda pamoja na mfumuko wa bei, na chakula cha shuleni bure kwa kila mtoto. Sisemi turudi kwenye theluji. Nasema ukipenda kodi ndogo ya jimbo sawa, lakini kodi ya nyumba ya Texas ni kati ya kubwa nchi nzima, kwa hiyo hujaikwepa, umebadilishiwa dirisha la kulipia.

DereveaMstaafu

Nyumba naweza kuchagua ndogo. Mshahara siwezi kuchagua mdogo.

Mnyalu_FortWorth

Hoja nzuri hiyo, sikukatai. Ila aliyepanga apatimenti naye anailipa kupitia mwenye nyumba na yeye hapewi punguzo lolote.

Ticha_wa_Hesabu

Nimeona uzi nikasema nitie neno maana nafundisha hesabu sekondari huku, sitaji wilaya.

Mleta mada umesahau kitu kikubwa, hiyo fomula haihesabu watoto walioandikishwa, inahesabu WALIOKUJA. Wastani wa mahudhurio ya kila siku. Kuna saa maalum ya kuhesabu, mtoto akiwa hayupo saa hiyo hela inakatika, hata kama mwalimu wake alikuwepo na taa zilikuwa zinawaka na basi lilimpitia likamkosa. Majimbo mengi yameshaacha hii, Texas bado. Sasa piga picha shule ya watoto maskini ambako mtoto anabaki nyumbani kulea mdogo wake, au mama anahama apatimenti kila kodi ikimshinda. Shule hiyo ina wanafunzi wale wale, walimu wale wale, inalipwa pungufu kuliko ya mtaa wa nyumba za ghorofa ambako mtoto akikohoa anapelekwa kwa daktari saa tisa mchana baada ya masomo.

Kwa hiyo nyie wenzangu mnaowatoa watoto wiki tatu kabla ya likizo kwa sababu tiketi ya Dar ni nafuu mwezi wa tano, mjue mnaacha tundu kwenye bajeti, na nawaelewa kabisa maana bei ya tiketi ya mwezi wa sita naijua.

Jingine, hela za corona kutoka Washington. Wilaya nyingi ziliajiri kwa hela hizo, wasaidizi, washauri, walimu wa kuwakwamua waliobaki nyuma. Zilikuwa na tarehe ya mwisho, Septemba 2024. Sasa tangazo la "tunapunguza nafasi" mnalolisikia nusu yake ni hapo, na bado 6,160 ilikuwa imeganda. Ukiunganisha mawili hayo hakuna haja ya kutafuta mchawi.

Mama_Nasra

Mwalimu samahani, 2025 si walitangaza bilioni 8.5 za shule? Nilisikia kwenye redio kabisa nikasema alhamdulillah

Ticha_wa_Hesabu

Ndiyo mama, 8.5 kweli, na mshahara wangu umepanda siwezi kusema uongo. Ila angalia ilivyogawanywa. Kiwango cha msingi, ile namba ambayo wilaya inaitumia inavyotaka, kimepanda kwa dola 55. Hamsini na tano. Kikawa 6,215. Hela nyingi imefungwa kwenye matumizi maalum, kubwa zaidi mishahara ya walimu. Mwalimu wa miaka mitano na kuendelea kwenye wilaya ndogo, chini ya wanafunzi elfu tano, kaongezewa 8,000 kwa mwaka, kwenye wilaya kubwa 5,000. Wa miaka mitatu minne nusu ya hapo. Mpya kabisa hayumo. Kwa bima ya majengo, mafuta ya basi, umeme, kuna nyongeza ndogo ya dola 106 kwa mwanafunzi, zaidi ya hapo wilaya inajijua.

Mimi kwa upande mmoja nawaelewa wabunge, wanasema tukitoa hela bila kuifunga itaishia kwa wakurugenzi. Kwa upande mwingine bima haisubiri.

Wuod_Arlington

Na ile billion moja ya vocha?

Mnyalu_FortWorth

Hapo ndo siasa yenyewe ilipo. 2023 ile ziada yote iliyokuwepo, nyongeza ya shule ilikwama kwa sababu Gavana Abbott alitaka iende pamoja na vocha, yaani hela ya umma imfuate mtoto kwenda shule binafsi. Mwaka huo aliwarudisha wabunge kwenye vikao maalum mara nne, viwili vya mwisho vikiwa na vocha. Novemba 2023 Baraza likaitoa vocha kwenye muswada kwa kura 84 kwa 63, Warepublican wa vijijini wakiungana na Wademokrati. Watu wanashangaa kwanini Mrepublican wa kijijini akatae. Kwa sababu kijijini hakuna shule binafsi! Shule ya umma ndo mwajiri mkubwa, ndo ukumbi, ndo mpira wa Ijumaa usiku. Basi nyongeza nayo ikafa hapohapo.

Kura za mchujo za Machi 2024 Gavana akawaunga mkono wapinzani wa wale waliomkatalia, wengi wakaanguka. 2025 ikapita, dola bilioni moja, inaanza mwaka wa masomo 2026-27, kama elfu kumi na kidogo kwa mtoto wa shule binafsi, mwenye ulemavu anaweza kufika elfu 30, anayesomea nyumbani elfu mbili.

Linganisha namba hizo na 55. Mimi sina chuki na shule binafsi, wanangu wawili wamesoma kwa masista Iringa, ila anayesema jimbo halikuwa na hela ananidharau.

DereveaMstaafu

Elfu kumi ya vocha ni wastani wa hela yote ya mtoto mmoja, ya jimbo na ya mtaa, na si hata yote, ni asilimia 85 yake. Huilinganishi na kiwango cha msingi peke yake. Usichanganye watu.

Mnyalu_FortWorth

Hilo kweli kabisa, 6,215 ni msingi tu, juu yake kuna nyongeza zote nilizotaja. Wasomaji wazingatie. Mimi nilikuwa nazungumzia kipaumbele, wapi paliongezwa na wapi palibanwa.

Rafiki_wa_Uvira

Jambo wandugu. Mimi natoka Uvira, sasa niko Abilene na familia. Kwetu Kongo mzazi ndo alikuwa analipa mwalimu, ile prime, kila mwezi, ukikosa wanafukuza mtoto ku masomo, mpaka gratuité (masomo ya bure) ya msingi ilipokuja 2019. Kwa hiyo mimi nikiona basi ya njano inakuja kuchukua watoto nyumbani bure na chakula bure nasema asante Mungu, nyinyi munalalamika nini.

Swali yangu: wakati wa kuandikisha mtoto walinipa karatasi wanauliza nyumbani munasema lugha gani. Jirani aliniambia andika English, ukiandika Swahili mtoto atawekwa na wenye hawajui kitu. Ni kweli?

Ticha_wa_Hesabu

@Rafiki_wa_Uvira asante kwa kuuliza maana jirani huyo yuko kila mji. Andika Kiswahili kama ndicho mnachoongea. Ukiandika hivyo mtoto anapimwa Kiingereza, kama bado anahitaji msaada anaingia kwenye programu na walimu wana wajibu wa kumsaidia kisheria. Akijua tayari hawekwi popote. Na kwa kuwa tuko kwenye uzi wa bajeti, mtoto akiwa kwenye programu hiyo fomula inaiongezea wilaya asilimia kumi ya kiwango cha msingi, kama dola 620 kwa mwaka. Ukiandika English umemnyima mtoto msaada na umeinyima shule hela yake, kwa karatasi moja.

Rafiki_wa_Uvira

Naelewa sasa. Naenda kuuliza kama inaweza badilishwa

Ticha_wa_Hesabu

Nenda ofisi ya shule mapema kabla hawajampima, kuna muda wa kurekebisha. Omba mkalimani, ni haki yako, usiende na mtoto akutafsirie.

Mama_Nasra

Na bahati nasibu je? Mume wangu kila Ijumaa ananunua tiketi anasema anachangia elimu 🙄

Mnyalu_FortWorth

😂 Mwambie anachangia kweli, tangu 1997 faida yake inaingia mfuko wa shule, ila ukiiweka kwenye gharama yote ni tone tu. Mfuko wenye heshima ni ule wa kudumu wa shule, ulianzishwa 1854 na dola milioni mbili, ukapewa ardhi, ardhi ikatoka mafuta, leo una zaidi ya bilioni 50. Mtaji hauguswi, zinatumika faida, na unadhamini bondi za wilaya ndo maana zinakopa kwa riba ya chini. Ningekuwa waziri wa gesi pale Mtwara ningeenda kuusoma huo.

Wenye nyumba, jambo moja la kufanya kesho asubuhi. Msamaha wa kodi ya shule kwa nyumba unayoishi mwenyewe. Ulikuwa 40,000, mwaka 2023 ukapanda 100,000, Novemba 2025 wapigakura wakapitisha 140,000. Yaani nyumba ya laki tatu unatozwa kodi ya shule kama ni ya laki na sitini. Jimbo linaifidia wilaya. Lakini HAUJI WENYEWE, lazima ujaze fomu ofisi ya uthamini ya kaunti, bure. Nawajua Watanzania wamekaa kwenye nyumba miaka bila kujaza. Na ukiletewa barua inayosema ulipie ili ujaziwe, chana.

Kitorondo

Sasa mkuu mtu wa kawaida anaingilia wapi hapo? Au ndo kama kwetu tunasikiliza hotuba mwezi wa sita tunaangalia bia imepanda ngapi

Mnyalu_FortWorth

Kwa jimbo, kamati ya bajeti ya Seneti na ya Baraza zinasikiliza wananchi, unajiandikisha, unapewa dakika mbili za kuongea. Ziko Austin, mwendo kidogo. Majira ya joto ya 2026 idara zote zinaandika maombi yao ya bajeti ya 2027, na yanawekwa wazi, hapo ndo mambo yanapikwa kabla kamera hazijaja.

Wilaya ni rahisi zaidi. Kisheria kabla ya kupitisha bajeti lazima waite kikao cha wazi, tangazo linatoka gazetini na kwenye tovuti, kwa kawaida mwezi wa sita au wa nane kutegemea mwaka wao wa fedha unaanza Julai au Septemba. Mimi nimeshahudhuria. Ukumbi viti mia, watu hata kumi hatukufika, na wawili walikuwa wamekuja kulalamikia basi.

Wuod_Arlington

Ya kwetu ni lini, umejua?

Mnyalu_FortWorth

Sijui uko wilaya gani, Arlington kuna nyumba ziko wilaya ya shule ya Mansfield na nyingine Kennedale. Angalia bili yako ya kodi, jina la wilaya limeandikwa. Halafu nitumie PM twende wote.